Supu za Kikorea: mtoto wa Magomeni nimezinywa karibu zote, hizi ndo za kurudia

Kila nikipiga simu nyumbani swali ni lilelile, eti umeshakula ile nyama wanachoma wenyewe mezani kama kwenye tamthilia, na ule kuku wa kukaanga wa pilipili umekula? Nimekula jamani, nimekula mpaka nimechoka, ni vitamu sikatai, ila mtu akija Seoul akaishia hapo akarudi zake Bongo mi namhesabu hajala Korea. Chakula cha hawa watu kiko kwenye bakuli la supu. Na nasema hivi kama mtu niliyekulia Magomeni, ambako Jumapili asubuhi bila supu ya kongoro na chapati mbili siku haijaanza, kwa hiyo supu sikuhadithiwa, na nikisema hii mbovu ujue nimepima na ninachokijua.

Niko huku mwaka wa pili nasoma, boom la kwangu la kawaida tu, kwa hiyo nakula kwenye hoteli ndogo ndogo za uchochoroni kuliko kwenye vile vya kupigia picha. Tuanze na majina maana menyu itakuchanganya. Ukiona jina linaishia guk, hiyo ni supu nyepesi ya kila siku ya kusindikizia wali. Likiishia tang ni ile iliyokaa jikoni, mifupa imechemka mpaka imesalimu amri. Jjigae ndo mchuzi mzito wenye chumvi na makolokolo mengi, unaletwa bado unatokota kwenye chungu cheusi cha udongo wanakiita ttukbaegi, na kile chungu usikiguse, mimi alama ya kidole cha shahada ninayo mpaka leo. Wali kila mtu na wake kwenye kibakuli cha chuma chenye mfuniko, nacho cha moto hivyohivyo, ndo maana huku bakuli halinyanyuliwi, linakaa mezani unachota na kijiko kama mtu mwenye adabu zake.

Haya, seolleongtang. Tamka sollongtang, watakuelewa. Hii ni supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa masaa mengi mno mpaka inakuwa nyeupe kama maziwa, na hamna hata tone la maziwa humo. Nilisikia kuna hoteli inaitwa Imun Seolnongtang, ya tangu 1904, watu wanaihesabu ndo hoteli kongwe kuliko zote Seoul, yani ilikuwepo kabla Wajapani hawajaitawala Korea, wakaja wakatawala wakaondoka, vita ikapita, yenyewe inachemsha mifupa tu. Mimi kwa ujuaji wangu nikaona jina Imun, nikapanda treni laini namba 1 nikashuka stesheni ya Hankuk University of Foreign Studies maana ile mitaa inaitwa Imun-dong, nikazunguka kwenye baridi nusu saa natafuta hoteli haipo. Kumbe iko Jongno, unashuka Jonggak, laini ileile ila stesheni kibao nyuma. Faida niliyopata ni kwamba niliona kwa macho yangu chuo ambacho Wakorea wanasomea Kiswahili, nikapiga picha getini nikageuza.

Nimefika, nimekaa, haikuchukua dakika tano bakuli limekuja. Nikaonja. Aisee, haina chumvi. Sio kwamba chumvi imepungua, haina kabisa, nikasema moyoni huyu mpishi leo kagombana na mtu. Nikawa nakunywa hivyohivyo kwa heshima ya mwaka 1904, mpaka mzee mmoja meza ya mbele akagonga kijiko kwenye kikopo akaninyooshea kidole, ndo naona mezani kuna chumvi na kuna majani ya kitunguu yaliyokatwa, unajitilia mwenyewe kadri ya mdomo wako. Nikatia. Mambo yakabadilika. Ladha yake sio ya kupiga kelele, inakuja taratibu, ni ule utamu wa mfupa wenyewe bila kiungo kuziba, na ndani kuna nudo nyembamba nyeupe na vipande vya nyama, mpaka bandama imo. Pembeni wanakupa kkakdugi, yani kachumbari ya figili iliyokatwa pande nne na kuchachushwa na pilipili, na yule mzee (sijui alishaamua mimi ni mwanafunzi wake) akanionyesha kwamba ule mchuzi mwekundu wa kkakdugi unaumiminia kidogo kwenye supu. Fanya hivyo. Nakwambia fanya hivyo, ila baada ya kunywa nusu bakuli ikiwa nyeupe, ili uzipate supu mbili kwa bei moja. Nililipa kama won 14,000, kwa hela yetu inacheza kwenye 26,000 hivi, kwa supu ya asubuhi ni ghali, ila figili unaongezwa bure na bakshishi huku hamna, unalipa kaunta unaondoka. Hii naipa tisa, ile moja nimeikata sababu ya ule mwendo wa baridi, najua kosa langu.

Sasa wenzangu wa kongoro sogeeni. Kuna ndugu yake seolleongtang anaitwa doganitang, huyu ni magoti ya ng'ombe, gegedu na mishipa yake, imechemka mpaka inatetemeka kijikoni kama jeli. Unachovya kwenye sosi ya soya yenye kitunguu, midomo inagandana, mtu unafunga macho unaisikia daladala ya Mwenge inaita abiria. Tofauti ni mbili tu. Kwanza huku haina ndimu wala pilipili mbuzi, na mimi siku hizi nabeba ndimu yangu kwenye mkoba, wakishangaa washangae. Pili ni bei, ni ghali kuliko seolleongtang, kwa hiyo naila hela ikitoka tu. Kuna na ya kwato zenyewe inaitwa ujoktang, ila hoteli zake sio nyingi na niliyoionja mara moja ilikuwa na harufu, sijui hawakuibabua vizuri, kwato bila kubabua na kukwangua ni kujitafutia lawama tu.

Haejangguk nayo ni ya watu wetu. Neno lenyewe maana yake ni supu ya kutoa pombe, Wakorea wanakunywa soju, pombe kali yao, usiku kama wamelipwa afu asubuhi wanaenda kuzimua kwa supu badala ya bia, na hoteli zake nyingi hazifungi usiku kucha. Aina ziko nyingi, kila mkoa na yake, ile ya Jeonju ni ya mimea ya soya iliyochipua, nyepesi safi kabisa, ila ninayoitetea mimi ni ya mtindo wa Yangpyeong, ina utumbo, hasa kile kipande tunachokiita kitabu, na ina mabonge ya damu ya ng'ombe iliyogandishwa. Damu najua hapo nimeshapoteza nusu ya wasomaji, na Waislamu najua hawamo, ila kwa aliyezaliwa kwenye kisusio huyo hana cha kuogopa, anakaribishwa nyumbani. Mchuzi mwekundu, una mafuta ya pilipili juu, unatoa jasho mpaka nyuma ya masikio. Na hapo ndo niligundua kitu kimoja kilichonichekesha, wanaume wazima wanapiga fundo la supu inayochemka, wanashusha pumzi, wanasema "siwonhada!", nikauliza maana yake nikaambiwa ni kwamba imepoa, imeburudisha. Imepoa! Supu inayounguza ulimi! Baadaye nikaja kuelewa wanaongelea kifua kinavyofunguka, sio ulimi.

Nilienda Busan pia, treni ya kasi masaa mawili na nusu hivi, sababu kubwa ni bahari lakini sababu ya kweli ni dwaeji gukbap. Dwaeji ni kitimoto, gukbap ni wali ndani ya supu. Inasemekana ilishika kasi kwenye vita vya 1950 mpaka 1953, Busan ndo ilikuwa makao ya muda ya serikali na wakimbizi walijaa, mifupa ya nguruwe ilikuwa rahisi watu wakachemsha wakaishi. Simama mlangoni uangalie wanavyofanya, wanatia wali baridi kwenye bakuli, wanamwagia supu ya moto, wanaimwaga ile supu irudi kwenye sufuria, wanamwagia tena, mara tatu mara nne, mpaka kila punje imeshika moto bila kuvurugika. Wanaita toryeom. Unatilia majani ya kitunguu yaliyochanganywa na pilipili, na badala ya chumvi unatia uduvi. Ndiyo, uduvi kabisa, wale wale, wamekaa kwenye chumvi. Won 10,000 hivi na unatoka umeshiba mpaka jioni. Kwa thamani ya hela hii ndo namba moja kwenye listi yangu yote.

Kwa wasiokula haramu sasa, maana najua mnasoma mnanuna. Naishi na dada mmoja wa Tanga, swala tano, na huyu ndo kanifundisha nusu ya ninayoyajua. Nyama anakula kwenye zile hoteli za halali za Itaewon karibu na msikiti mkuu wa Seoul, ule uliofunguliwa 1976, ila supu ya nyama ya Kikorea ni ngumu kuipata huko, kwa hiyo yeye kajikita kwenye samaki. Kuna supu inaitwa bugeoguk, ya samaki mkavu wa baharini wa huku kaskazini. Wanamwanika nje wakati wa baridi kule milima ya Gangwon, usiku anaganda mchana anayeyuka, hivyo hivyo miezi mpaka nyama inakuwa ya manjano na laini kama sufi, huyo aliyeanikwa hivyo wanamwita hwangtae. Dada wa Tanga alivyomwona mara ya kwanza akanusa akasema, "Huyu ni ng'onda tu shoga yangu, kaanikwa kwenye barafu." Basi tukawa tunaenda soko la Jungbu, lile la vikavu, samaki dagaa mwani vyote vimepangwa mpaka barabarani, harufu utadhani uko Feri, tunanunua fungu tunapika wenyewe. Anamchana chana, anamkaanga na mafuta ya ufuta kidogo, anatia maji na figili, ikichemka anapigia yai na kitunguu cha majani, dakika ishirini imeisha. Nyeupe, tamu, nyepesi tumboni. Hotelini uliza kwanza, nyingi mchuzi wake wanaanzia na mifupa ya ng'ombe, hilo kwenye picha ya menyu halionekani, usijione uko salama.

Na sundubu jjigae ya vitu vya baharini, kome na kamba, hiyo pia uliza kama hamna nguruwe ndani, ikiwa safi ni raha tupu. Ni tofu, yani maziwa ya soya yaliyogandishwa, laini kabisa kama maziwa mgando kwenye mchuzi mwekundu unaoruka ruka, unapewa yai bichi unalipasulia mwenyewe humo humo, usilikoroge, liache liive chini. Huu mchuzi ndo nampendekezea mtu aliyefika jana kutoka Dar na baridi imemkamata.

Kimchi jjigae, ya kabichi iliyochachushwa na pilipili, naipitia haraka, kila mtu anaijua, nyingi ina nguruwe, ila kuna ya samaki wa kopo wa jodari ambayo mi naona ni tamu zaidi, sharti kimchi iwe imezeeka imekuwa chachu, kimchi mpya kwenye chungu ni kabichi tu imelowa. Doenjang jjigae ni ya soya iliyochachushwa, harufu yake siku ya kwanza nilifungua dirisha, sahivi nikikaa wiki bila kuila naona kitu kinapungua.

Ambayo sitaki kuisikia ni budae jjigae. Najua ina wapenzi wake. Baada ya vita njaa ilikuwa kali, soseji na nyama za kopo zilikuwa zinatoka kwenye kambi za jeshi la Marekani, watu wakazitia kwenye mchuzi wa kimchi, na pale Uijeongbu kaskazini ya Seoul wana mtaa mzima wa hoteli za hiyo kitu. Historia naiheshimu sana. Mdomo wangu ukasema hapana, ni soseji, nyama ya kopo, maharage ya kopo, na nudo za pakiti juu, yani ni ile siku mwisho wa mwezi unafagia kabati. Na nina kinyongo nayo pia, mara ya kwanza niliifuata hoteli moja karibu na ninapokaa (jina sitaji), niko peke yangu, nimeshavua koti, mhudumu ananionyesha vidole viwili, eti wanaanzia watu wawili, mmoja hawapiki. Nikasema nitalipia mbili, akakataa, nikavaa koti langu nikatoka. Huku hiyo ipo sana kwa vyakula vya sufuria kubwa la mezani, gamjatang ya uti wa mgongo wa nguruwe na viazi ni hivyohivyo, kwa hiyo beba mtu.

Joto nalo. Julai Seoul ni Dar ya Februari bila upepo wa bahari, nguo inagandana na mgongo saa mbili asubuhi, na hapo ndo Wakorea wanapanga foleni juani kwenda kunywa supu ya moto. Wana siku tatu za kiangazi zinaitwa chobok, jungbok na malbok, kati ya Julai na Agosti, siku hizo samgyetang lazima, wanasema moto unauua kwa moto. Ni kuku mdogo mzima mmoja kwa kila mtu, tumboni kajazwa mchele wa kunata, kitunguu saumu, tende za Kichina na mzizi wa ginseng. Nilienda Tosokchon karibu na kasri la Gyeongbokgung, foleni imezunguka ukuta, karibu won 20,000. Mchuzi wake mzito mtamu sana, huo sina ubishi nao. Kuku mwenyewe jamani ni kifaranga! Ukimgusa na kijiko anaachia mifupa yote, hamna cha kutafuna, na mimi nyama ya kuku bila kushindana nayo kidogo naona nimeibiwa. Ginseng nilidhani ni karoti nikaitafuna nzima, uchungu wake kama mwarobaini. Mtu wa kienyeji mwenzangu atafute neno tojongdak, ndo kuku wao wa kienyeji, anapikwa baeksuk, yani anachemshwa mzima tu, kwenye hoteli za chini ya milima, unapiga simu kabla maana anachukua muda kuiva, mnamla watu watatu au wanne, na huyo ana misuli, huyo kakimbia.

Ya mwisho ni ambayo haina sifa yoyote kwa wageni, miyeokguk, supu ya mwani. Kijani nyeusi, inateleza, kawaida na vipande vya ng'ombe au kome. Mwanamke akijifungua ndo anapewa hii wiki kwa wiki, kama huko kwetu mzazi anavyopewa mtori au uji wa pilipili manga, na ndo maana kila mtu siku yake ya kuzaliwa anainywa, kumkumbuka mama. Wazanzibari wanalima mwani pale Paje na Jambiani unasafirishwa nje na wengi hawajawahi kuutia mdomoni, ni aina nyingine najua, ila ningependa waione hii.

Naila kwenye kihoteli cha mama mmoja karibu na chuo, meza sita tu. Huku mama wa hotelini wateja wanamwita imo, yani dada wa mama, mama mdogo kwa mama mkubwa humo humo, nikaona hili nalimudu, kwetu pia hatuiti "mhudumu". Sasa mwezi uliopita nilikuwa na mtihani saa nne, nikaingia asubuhi nikaomba miyeokguk kama kawaida. Imo akaangalia begi langu, akaangalia makaratasi mkononi, akauliza kama nina mtihani. Nikasema ndiyo. Akakataa kunipa. Nikadhani imeisha, kumbe naiona inafuka jikoni. Akanifanyia kwa mkono, kiganja kinateleza juu ya meza mpaka kinadondoka, mwani unateleza, na ukiula siku ya mtihani na wewe unateleza. Akaniletea doenjang jjigae, akanipasulia na yai la kukaanga ambalo sikuoda. Bili ilikuja won 9,000, yai hakulihesabu.